Nimekula pesa ya chama, na kikao ni Jumapili

Mama, salamu nyingi kutoka Nyalenda. Naandika usiku watoto wakiwa wamelala, maana mchana kila simu ikilia nadhani ni mtu wa chama.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akiba cha akina mama kumi na wanne. Wengi ni wa soko la Kibuye, wa mitumba, omena na nyanya. Mimi nilikuwa nafanya usafi wa vyumba katika hoteli moja hapa Kisumu, miaka sita, mshahara 14,000. Kabla ya korona tulikuwa tunakutana kila Jumapili kwa mwenyekiti. Sanduku la chuma linawekwa katikati, lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Pesa inahesabiwa kwa sauti. Mwezi wa tatu mwaka huu wa 2020 mikutano ilipokatazwa, tulisimamisha mzunguko wa kupeana pesa kwa zamu, tukabaki na akiba ya Disemba peke yake. Kila mtu anatuma mia moja kwa wiki kwa simu yangu, kwa kuwa M-Pesa haikati kitu ukituma chini ya elfu moja siku hizi za korona.

Wiki ya mwisho ya mwezi huo huo hoteli ilituita ukumbini. Tuliketi mbali mbali, tukapewa karatasi ya likizo bila malipo “hadi mtakapoitwa”. Wote tulisaini. Kalamu ilikuwa moja, inapanguswa spiriti kila ikienda kwa mtu mwingine. Mpaka leo sijaitwa. Nasikia wa jikoni wameanza kurudi mmoja mmoja.

Baba watoto alikuwa kibarua Nairobi, Industrial Area. Mwezi wa nne Nairobi ikafungwa, akafungiwa huko, na kazi nayo ikaisha. Barabara ilipofunguliwa mwezi wa saba hakuwa na nauli. Sasa amepata vibarua tena, ananitumia kama 3,000 kwa mwezi. Kabla ya hapo ilikuwa mia mbili, mia tatu, na wiki zingine hakuna.

Sikuanza kwa nia mbaya. Mwisho wa mwezi wa nne keyateka, msimamizi wa nyumba, alitia kufuli lake mlangoni mwetu, tukalala kwa jirani siku mbili. Nilikuwa na deni la miezi miwili, 5,000. Nikatoa kwa pesa ya chama nikijua hoteli itatuita mwezi wa tano. Halafu nikatoa 2,800 nianze kupika chapati. Unga, mafuta, makaa. Lakini mteja wa chapati anakuja saa kumi na mbili unusu akitoka kazini, na wakati huo kafyu ilikuwa saa moja. Watu walipita mbio. Chapati tulikula wenyewe siku nne. Mwezi wa sita mamangu akalazwa huko nyumbani Siaya, nikatuma 4,000. Mwezi wa saba nikalipa mkopo wa simu 6,050, kwa sababu walikuwa wameanza kuwapigia watu walio kwenye simu yangu, na mmoja ni mwenyekiti wetu. Mwezi wa nane ni chakula tu, 3,500. Jumla ni 21,350. Nimeandika yote kwenye daftari, hata sijui kwa nini.

Simuni inapaswa kuwa na 27,600. Iko 6,250.

Sasa Rais alipolegeza mambo juzi na kafyu kusukumwa hadi saa tano, mwenyekiti ameandika kwenye kikundi kwamba tukutane Jumapili tarehe 11, tuhesabu. Na kuna mama mmoja wa mitumba ambaye hajakosa hata wiki moja, ana 2,700 yake humo. Mitumba ilizuiwa kuingia nchini kuanzia mwezi wa nne mpaka wa nane, alikaa na kibanda kitupu. Sasa beli za mitumba zimerudi, anataka akiba yake aongezee, agawane beli na mwenzake. Amenipigia mara mbili. Nimemwambia mtandao ni mbaya.

Nimefikiria mambo matatu. Kuna shailoki, mkopeshaji wa mtaani, hapa Nyalenda anatoa 20,000 kwa riba ya asilimia thelathini kwa mwezi, anashika kitambulisho na TV. Ama nichukue watoto niende Siaya kimya kimya. Ama niseme simu iliibiwa na laini ikachezewa, mambo hayo yanatokea kila siku. Ujumbe wa simu kuibwa nimeshauandika, uko hapo kwenye WhatsApp, sijabonyeza tu.

Siku hizi nafua nguo Milimani, 400 kwa siku, siku tatu kwa wiki nikibahatika. Mkopo mwingine wa simu nadaiwa 2,700, wanatishia kunipeleka CRB, kwa wanaotunza rekodi za wakopaji. Mume wangu hajui lolote. Juzi ameniuliza kwa nini nisikope kwenye chama.

Nifanye nini?

Mweka Hazina, Nyalenda

*

Binti yangu, barua yako nimeipata Jumanne, siku ile ile Waziri wa Elimu alipotangaza kwamba darasa la nne, la nane na kidato cha nne wanarudi shule tarehe 12. Nikafungua kalenda. Kikao chenu ni tarehe 11. Ina maana kila mama mwenye mtoto wa madarasa hayo anakuja Jumapili akiwaza sare, viatu na barakoa, na akiba anayoikumbuka ni hiyo iliyo kwako. Nakuambia hivi ili ujue chumba unachoingia.

Nitakuita kitu kwa jina lake, halafu tusonge. Pesa iliyowekwa kwako uilinde ukaitumia ni wizi, hata kama ilinunua unga. Mwanachama akiamua kwenda polisi, ana haki hiyo. Sikuchukii kwa kusema hivyo. Tangu mwezi wa nne nimesoma barua nyingi za watu waliopoteza kazi, na ni wachache walioniandikia hesabu zao mpaka shilingi hamsini ya mwisho. Unasema hujui kwa nini uliandika kwenye daftari. Mimi najua. Mtu anayekusudia kutoroka haandiki.

Sasa tuanze na shailoki, maana yeye ndiye atakayekumaliza. Elfu ishirini kwa asilimia thelathini ni 6,000 ya riba kila mwezi, kabla hujagusa deni lenyewe. Wewe kufua siku tatu kwa wiki kunakupa 1,200, yaani 4,800 kwa mwezi. Utafua mwezi mzima, mikono ichubuke, na riba peke yake itabaki inakudai 1,200. Jumapili mtahesabu pesa kamili, akina mama watapiga makofi, na mwezi wa kumi na moja TV itaondoka, kitambulisho kitabaki kwake, na deni litakuwa pale pale. Isitoshe, akina mama watakuwa wamepigia makofi uongo.

Simu kuibwa? Mama wa Kibuye anayeuza kwa M-Pesa kutwa nzima anajua taarifa ya M-Pesa ni nini. Mtu mmoja atasema, “Basi tuombe taarifa ya miezi sita.” Itatoka, na itaonyesha pesa ikitoka Aprili kwenda kwa mwenye nyumba wako, Juni kwenda Siaya, Julai kwa watu wa mkopo. Mwizi gani wa laini anayekulipia kodi?

Na kukimbilia Siaya, hebu nikuambie kisa changu. Mwanzo wa 2008, Kisumu ikiwaka baada ya uchaguzi, chama chetu kilitawanyika. Mweka hazina wetu alikuwa na 9,000. Akaondoka bila neno. Kwa kweli tulidhani amekufa, tukawa tunaulizana habari zake kwa uchungu. Miaka sita baadaye nikamwona Kibuye, Jumapili, mimi nimebeba kapu. Aliponiona aliinama nyuma ya marundo ya nyanya kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Nilisimama pale nikingoja ainuke. Hakuinuka. Mwenye nyanya akaanza kunitazama mimi kana kwamba mimi ndiye nina shida. Nikaondoka. Elfu tisa ile, ukiigawa kwa watu kumi na wawili tuliokuwa, ni mia saba na hamsini kila mtu. Kwa mia saba na hamsini zetu alilipa kwa kuliogopa soko lote la Kibuye.

Kwa hiyo utakwenda. Lakini hutangoja Jumapili, na hutaandika kwenye WhatsApp. Jambo hili likisomwa kwenye simu na watu kumi na watatu, kila mmoja akiwa peke yake kwake, litachemka vibaya usiku kucha na asubuhi utakuta watu wako mlangoni. Nenda Ijumaa jioni kwa mwenyekiti, nyumbani kwake, kwa miguu yako. Kafyu sasa ni saa tano, muda upo. Beba daftari na hiyo taarifa ya M-Pesa umeichapisha saiba, kwenye duka la kompyuta, na usimpe maelezo kabla ya kumpa hesabu. Mwambie kiasi kwanza: inapaswa kuwa 27,600, ipo 6,250, nimetumia 21,350. Akishapumua, ndipo umwambie kilienda wapi. Ukianza na kufuli la keyateka na ugonjwa wa mama, atadhani unamlainisha.

Kisha Jumamosi, mama wa mitumba. Huyu umemdanganya mara mbili kwa kusingizia mtandao, kwa hiyo huyu anastahili kusikia kutoka mdomoni mwako kabla ya wengine. Sina uhakika atakupokea vipi. Ana biashara iliyolala miezi minne na wewe umekalia mtaji wake. Akikutukana, kaa utukanwe. Unaweza kumwomba mwenyekiti kwamba katika hiyo 6,250 iliyobaki, 2,700 yake iwe ya kwanza kutoka, lakini hilo waamue wao Jumapili. Usigawe tena pesa ya watu kwa uamuzi wako.

Sasa hesabu ya kulipa, na hapa nataka unisikilize vizuri, maana najua ulimi wako utataka kusema “Disemba nitakuwa nimelipa yote.” Usiahidi Disemba. Hutaweza, na ahadi ya pili ikivunjika hakuna atakayesikiliza ya tatu.

Hukusema akiba yako mwenyewe humo ni ngapi. Tuseme ulilipa wiki kumi na saba kabla ya kukwama, hiyo ni 1,700. Badilisha kama nimekosea. Hiyo ni yako, waikate. Deni linabaki 19,650. TV unayotaka kumpa shailoki aishike, iuze. Kama ni ya inchi 32 na haina ufa, tafuta 8,000, na utangaze bei kwa majirani kabla ya kwenda kwa fundi wa vifaa vilivyotumika, maana yeye atakupa nusu. Watoto watalia wiki moja. Deni linakuwa 11,650. Kisha 300 kila Jumapili, mkononi mwa katibu, na aandike. Kuanzia tarehe 11 hadi mwaka uishe kuna Jumapili kumi na mbili, hiyo ni 3,600. Zinabaki 8,050, ambazo kwa mwendo huo zitakwisha mwanzoni mwa mwezi wa saba mwakani.

Kwa nini 300 na si 500? Nimepiga hesabu ya nyumba yako. 4,800 ya kufua na 3,000 ya baba watoto ni 7,800. Ulilipa 5,000 kwa miezi miwili, kwa hiyo kodi ni 2,500. Ukitoa na 1,200 ya chama kwa mwezi, unabaki na 4,100 ya kulisha watu watatu. Ni omena na sukuma, lakini inawezekana. Ukiahidi 500 utarudi kwa mikopo ya simu ndani ya wiki tatu.

Hiyo ya simu, 2,700, isikutoe jasho kuliko akina mama wako. Wakikutisha na CRB, jua kwamba mwezi wa nne mwaka huu wa 2020 Benki Kuu iliwaondolea wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa nayo ruhusa ya kupeleka majina huko. Kama mkopo wako ni wa benki, hilo ni jambo lingine, nenda ukaongee nao wakupangie upya. Kama ni hao wengine, watume jumbe zao. Deni ni deni na utalilipa, ila kwa zamu yake. Na sasa kwa kuwa mwenyekiti atakuwa anajua yote, wakimpigia simu atawaambia anajua. Silaha yao imeisha.

Nakuja kwa hoteli, ambako nadhani kuna pesa zaidi kuliko unavyofikiri. “Likizo bila malipo hadi mtakapoitwa” si kitu ambacho mwajiri anaweza kukiweka peke yake bila mwisho. Ulisaini, sawa, lakini ulisainia likizo, hukusainia kufutwa. Andika barua fupi, nakala mbili, uwapelekee, nakala yako igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea. Uliza mambo mawili. La kwanza, mpaka Machi ulikuwa na siku ngapi za likizo ya mwaka hujachukua? Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 kwa mwaka zenye malipo kamili. Kama ulikuwa na siku kumi, hizo ni pesa. La pili, je, bado wewe ni mfanyakazi wao, au nafasi yako imeondolewa?

Wakisema imeondolewa, sheria hiyo hiyo ina utaratibu. Wakupe notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, na afisa wa leba, yaani afisa wa kazi wa serikali, ajulishwe. Wakulipe siku za likizo ulizobakiza. Na wakulipe fidia isiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Wewe una sita. Siku tisini, yaani kama miezi mitatu ya mshahara, karibu 42,000. Wakisema bado u mfanyakazi, basi waseme lini unarudi, na kwa siku ngapi kwa wiki. Sisemi watakulipa kesho, hoteli nazo zimekauka. Semina za mashirika ndizo zilizokuwa zinajaza vyumba, na ndege za ndani zenyewe zilirudi katikati ya Julai tu. Lakini una miaka mitatu ya kudai, na barua ya leo ndiyo inayoonyesha kwamba hukunyamaza. Angalia pia hati zako za zamani za mshahara. Kama walikuwa wanakukata ada ya KUDHEIHA, muungano wa wafanyakazi wa hoteli na majumbani, wewe ni mwanachama wake, na muungano unapaswa kusema kwa niaba yako bila wewe kulipia wakili. Wenzako walioshika ile kalamu ya spiriti nao wana swali hilo hilo. Mkienda kumi kwa afisa wa leba mtaketi haraka kuliko ukienda peke yako.

Na yule keyateka. Nyumba ambayo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi iko chini ya sheria ya kudhibiti kodi, na mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri ya baraza linalosimamia sheria hiyo. Kufuli lile lilikuwa ubabe. Limepita, ila siku nyingine ukiliona nenda kwa chifu kabla ya kwenda kwa pesa ya watu.

Baba watoto umwambie kabla ya Ijumaa. Mpigie usiku, akiwa ametoka kazini na amekula. Kodi uliyolipa ni ya watoto wake, na unga ni wa watoto wake, kwa hiyo deni hili lina majina mawili. Najua atauliza kwa nini hukusema. Unaweza kumwuliza nawe ni siku ngapi alilala njaa Nairobi bila kukuambia. Nina hakika zipo. Waume wetu waliofungiwa huko mwaka huu wameficha mengi kwa ajili ya heshima, na wake huku wameficha mengi kwa ajili hiyo hiyo, na katikati shailoki anakula.

Jumapili yenyewe, ongea kwa kifupi, halafu vua uweka hazina mwenyewe kabla hawajakuvua. Waambie sanduku lirudi na kufuli zake tatu. Kuna jambo ambalo wewe huna haki ya kulisema siku hiyo, kwa hiyo nalisema mimi hapa, na mwenyekiti wako akisoma alichukue: pesa ya watu kumi na wanne ilihamishwa kutoka kwenye kufuli tatu hadi kwenye namba moja ya siri, ya mtu aliyepoteza kazi mwezi huo huo, na kwa miezi sita hakuna aliyesema tuone salio. Hata picha ya skrini mara moja kwa mwezi ingetosha. Kama lazima pesa ikae kwenye simu, basi iwe akaunti ya kikundi inayotaka watu wawili kuidhinisha.

Kama kikundi chenu kimesajiliwa, mna katiba, na afisa wa maendeleo ya jamii aliyewasajili anaweza kuketi nanyi mambo yakigoma. Ikiwa watakufukuza, utalipa ukiwa nje. Zile mia tatu zinaenda kila Jumapili hata kama hakuna anayekuambia karibu uketi.

Nyathina, mwanangu, ule ujumbe wa simu kuibwa ulioko kwenye WhatsApp, ufute sasa. Kidole kinaweza kuteleza.